Ziwa Linapofungwa, Mkanda Unafungwa na Nani?



Tangu serikali ilipolifunga Ziwa Tanganyika kwa shughuli za uvuvi, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, swali moja limekuwa likirudi katika mazungumzo yetu: je, ni haki kumzuia mtu asiye na shamba asiende ziwani, wakati chakula cha watoto wake kimo humo ziwani? Wapo waliojibu upesi kwamba sheria ni sheria. Wapo waliojibu upesi vile vile kwamba ziwa ni la Mungu, na hakuna mwanadamu aliyekabidhiwa ufunguo wake. Sisi twaona kwamba majibu yote mawili yametolewa kabla ya kumtazama dagaa mwenyewe. Tukimfahamu samaki huyu mdogo, jinsi anavyozaliwa, anavyokua na anavyovuliwa, tutaona kwamba kufunga ziwa kuna maana. Na papo hapo tutaona ni nani hasa anayebebeshwa mzigo wa kufunga huko.

Dagaa wa ziwa letu ni mgeni wa zamani sana. Jamii yake ni ile ya samaki wa baharini waendao kwa makundi makubwa, na wataalamu wanasema kwamba mababu zake waliingia katika mito ya Afrika Magharibi kutoka baharini mamilioni ya miaka iliyopita, wakasogea bara hadi kufika huku kwetu. Amezoea maji baridi kabisa, lakini tabia za baharini hakuziacha. Hatulii kwenye miamba kama samaki wengine wa ziwa hili, wala hana kiota. Huishi katikati ya maji, kundi kwa kundi, na usalama wake wote umo katika wingi wa wenzake. Ngozi yake inang'aa kama fedha, na kundi linapogeuka kwa pamoja adui hushindwa kujua amkamate yupi.

Wako wa aina mbili, na kila mmoja hapatikani kwa asili yake mahali pengine isipokuwa katika ziwa hili. Yupo yule mdogo, ambaye ni mara chache kufikia urefu wa sentimita 10, na ndiye tunayemwita dagaa hasa. Yupo na mkubwa wake, lumbu, ambaye anaweza kufikia sentimita 17 na ambaye hupenda zaidi maji ya karibu na nchi kavu. Huyu lumbu ndiye aliyechukuliwa kwenda kupandwa katika Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na kisha katika bwawa la Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, mwishoni mwa miaka ya 1960. Huko Kariba anaitwa kapenta na amelisha watu wengi. Wengi wanaomla hawajui kwamba asili yake ni huku. Hilo halitushangazi, maana hata hapa nchini dagaa aliyeanikwa Ikola au Karema akifika Dar es Salaam huitwa dagaa wa Kigoma, na Katavi haitajwi!

Ziwa lenyewe ni la ajabu. Lina urefu wa kilometa zipatazo 670, na kina chake kinafikia karibu meta 1,470. Hata hivyo wingi huo wa maji usitudanganye. Hewa ambayo samaki huivuta imo katika tabaka la juu tu, meta 100 hadi 200 hivi kutegemea mahali. Chini ya hapo ni maji yasiyo na hewa, ambamo hakuna samaki awezaye kuishi. Lakini ni huko chini ndiko rutuba ya ziwa inakotuama. Kila mwaka, kuanzia mwezi Mei hadi Septemba, upepo wa kusini huvuma kwa nguvu na kuyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Ndipo maji ya chini hupanda, hasa upande wa kusini wa ziwa, yakileta rutuba hiyo kwenye mwanga wa jua. Mimea midogo isiyoonekana kwa macho hustawi, wadudu wadogo wa majini huila mimea hiyo, dagaa huwala wadudu hao, na mgebuka humla dagaa. Upepo usipovuma vizuri, meza yote hiyo huandaliwa nusu.

Mchana dagaa hushuka kwenye giza la chini kujificha. Jua likitua hupanda kuwafuata wadudu, ambao nao hupanda usiku. Mvuvi alilijua jambo hili kabla ya mtaalamu. Tangu zamani wazee wa ziwa hili walivua usiku wa giza kwa mienge ya kuni au matete yaliyowashwa mtumbwini, wakiwachota dagaa waliokusanyika kwenye mwanga. Baadaye zikaja karabai. Siku hizi zipo taa za betri na za nguvu ya jua, ambazo hazihitaji mafuta na zinaangaza kwa ukali zaidi. Chombo kinachotumika sana ni kile cha mitumbwi iliyounganishwa kwa miti, ambacho wavuvi hukiita kipe: wavu hushushwa chini, taa huning'inizwa juu, dagaa wakisha kukusanyika wavu huinuliwa. Wakati wa mbalamwezi mwanga wa taa hauna nguvu, na wavuvi hupumzika siku kadhaa. Kwa hiyo kupumzisha ziwa si fikra iliyoletwa na serikali. Mwezi umekuwa ukilipumzisha kila mwezi tangu mwanzo.

Sasa tufikie jambo ambalo ndilo kiini cha hoja. Dagaa huishi maisha mafupi mno. Hukomaa akiwa na urefu wa sentimita 7 hivi, kabla hajatimiza mwaka, na ni wachache wanaovuka mwaka mmoja na nusu. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai, ambayo huelea na kuzama polepole majini, yakianguliwa ndani ya siku moja au mbili. Wale wachanga husogea karibu na ufuko, wakakulia huko kwa miezi michache kabla ya kurudi katikati ya ziwa. Lumbu hutaga huko huko karibu na ufuko, na watoto wake hukulia hapo.

Kutokana na maisha haya, wapo wavuvi wanaosema: mkituzuia kumvua dagaa mwezi Mei, mwaka ujao atakuwa amekwisha kufa kwa uzee au ameliwa na mgebuka; basi mmeokoa nini? Hoja hii si ya kipumbavu, na haifai kujibiwa kwa kejeli. Ni kweli kwamba dagaa hawekwi akiba kama mahindi ghalani. Lakini ziwa linapofungwa lengo si kumtunza dagaa aliyepo, bali kumwacha atage, na kumwacha mchanga afikie umri wa kutaga. Samaki wa namna hii akipewa nafasi kidogo tu huongezeka haraka kuliko samaki wakubwa. Na mgebuka anayemla dagaa huyo naye ni kitoweo chetu. Aliyeliwa na mgebuka hakupotea.

Tena tunao mfano katika ziwa hili hili. Katika miaka ya 1950 makampuni ya Bujumbura yalianza kuvua kwa meli zenye nyavu kubwa za kuzungushia, na miaka ya 1960 uvuvi wa namna hiyo ukaanza Mpulungu, upande wa Zambia. Wale samaki wakubwa wawindaji, jamii ya sangala, ambao hukua polepole na kuishi miaka mingi, walipungua kwa haraka katika maeneo hayo, na mpaka leo hawajarudia wingi wao. Dagaa alistahimili zaidi kwa sababu ya uzazi wake mwepesi. Lakini kustahimili si kutokwisha.

Kwa sababu hizo sisi twaunga mkono kupumzishwa kwa ziwa, na twasema hivyo waziwazi. Twaunga mkono pia kwamba jambo hili lifanyike kwa makubaliano ya nchi zote nne, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, ambazo zilitia saini makubaliano ya pamoja ya kusimamia uvuvi mwezi Desemba 2021. Dagaa hana pasi ya kusafiria. Kundi lililolala leo mbele ya Karema laweza kuwa mbele ya Moba kesho kutwa, na mvuvi wa Ikola akikaa nyumbani huku akiona taa za wenzake zikiwaka upande wa pili, hatuwezi kumwambia kwamba anatendewa haki.

Baada ya kusema hayo, hatuna budi kuuliza juu ya mkanda. Wazee wetu wanakumbuka jinsi Mwalimu Nyerere alivyowaomba Watanzania wafunge mikanda kwa miezi 18 baada ya vita vya Kagera mwaka 1979. Ombi lile lilikuwa kwa taifa zima. Mkanda wa ziwa unafungwa na watu wachache, na katika hao wachache haufungwi sawasawa.

Mwenye chombo, yaani mwenye kipe, nyavu na taa, mara nyingi ana duka, au nyumba ya kupangisha, au mashamba ya mpunga. Miezi mitatu itamwumiza, lakini hatalala njaa. Aliyevuta kamba za wavu usiku kucha hana mshahara. Hulipwa kwa mgawo wa kilichopatikana baada ya gharama kutolewa. Ziwa likifungwa, mgawo wake ni sifuri. Mara nyingi ni kijana aliyetoka mbali, asiye na ardhi hapo kijijini. Mtu huyu hatambuliwi kwa urahisi katika orodha yoyote, kwa sababu leseni imeandikwa jina la mwenye chombo. Msaada wowote ukipitia kwenye leseni, hautamfikia.

Yuko na mama anayenunua dagaa wabichi mwaloni na kuwaanika. Juu ya huyu tunataka kusema kwa kirefu kidogo, maana amesahauliwa kabisa katika mijadala. Ili kupata kilo moja ya dagaa wakavu anahitaji kilo tatu hadi nne za wabichi, na anahitaji jua. Sasa tazameni kalenda. Huku Katavi mvua hunyesha tangu Novemba hadi Aprili. Katika miezi hiyo dagaa walioanikwa mchangani hulowa, huoza, huingiwa na funza, na mtaji humwagwa kwa kuku. Mei hadi Agosti ndiyo miezi ya jua kali na upepo mkavu, miezi ya kuanika kwa uhakika. Na hiyo ndiyo miezi iliyofungwa. Waliochagua miezi hiyo walikuwa na sababu zao, na upepo wa kusini unaoleta rutuba na chakula cha samaki hatuwezi kuusogeza. Lakini ni lazima ieleweke kwamba mama huyu hapokonywi robo ya mwaka tu. Anapokonywa ile robo iliyo bora, kisha anaachiwa mvua.

Na mikopo yake haifungwi pamoja na ziwa. Aliyechukua fedha kwenye kikoba mwezi Machi anadaiwa rejesho mwezi Juni, na aliyekopa kwa mfanyabiashara wa mjini kwa ahadi ya kulipa kwa magunia ya dagaa hujikuta amefungwa kwa bei ya huyo mfanyabiashara mpaka msimu mwingine. Hili la pili ni baya zaidi, kwa kuwa ziwa linapofunguliwa na dagaa kuwa wengi, faida huenda kwa aliyekuwa na fedha ya kusubiri.

Lakini tusiishie kuwatetea maskini kana kwamba wao hawana sehemu katika uharibifu. Ukweli mchungu ni kwamba zana mbaya kuliko zote ndizo zana za watu maskini kuliko wote. Dagaa mchanga hukulia ufukoni, na ufukoni ndiko linakovutwa kokoro, ndiko kinakovutwa chandarua kilichotolewa kumkinga mtoto na malaria. Anayekivuta mara nyingi ni mama mwenye watoto wawili watatu wanaomsaidia, maji yakiwafika magotini. Hawana mtumbwi, hawana taa. Wanachopata ni bakuli la vidagaa vyeupe, vyembamba kama uzi, ambavyo vingesubiriwa miezi michache vingejaza ndoo kadhaa. Kokoro limekatazwa na sheria kwa miaka mingi, na kila anayekaa kando ya ziwa anajua kwamba katazo hilo hutekelezwa kwa siku chache kisha husahauliwa, au hutekelezwa kwa mtu asiye na cha kutoa.

Maoni yetu ni kwamba ufuko wenye mazalia, ukilindwa mwaka mzima, utaleta faida ambayo miezi mitatu ya kufunga ziwa peke yake haiwezi kuileta. Kufunga ziwa lote tangu Mei hadi Agosti, halafu kuacha makokoro yavutwe kuanzia siku ya pili yake, ni kumnyonyesha mtoto kwa miezi mitatu na kumnyima chakula miezi tisa. Lakini kumnyang'anya mama chandarua na kukichoma moto mbele ya watoto wake, bila kumwonyesha njia nyingine ya kupata kitoweo, nako si kulinda ziwa. Ni kumfundisha avue usiku.

Liko na jambo ambalo wavuvi wetu hawana hatia nalo hata kidogo, nalo ni joto. Mwaka 2003 wanasayansi walitangaza katika jarida la Nature kwamba maji ya ziwa hili yamekuwa yakipata joto katika karne ya ishirini, na kwamba kwa sababu hiyo maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani. Walikadiria kwamba uzalishaji wa ziwa ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi, na kwamba upungufu huo ungeweza kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2016 wengine, waliochimba matope ya chini ya ziwa na kuhesabu mabaki ya samaki yaliyomo, walionyesha kwamba kupungua huko kulianza kabla ya uvuvi wa kibiashara wa meli kubwa. Wako wataalamu wanaopinga ukubwa wa makadirio hayo na kusema kwamba nyavu ndizo zenye kosa kubwa zaidi. Sisi hatuhitaji kuwa waamuzi kati yao ili kuona jambo moja: mwanamke wa Ikola anayepika kwa kuni na kusafiri kwa miguu hakuupasha joto ulimwengu huu, na inapokuja hotuba ya kumwambia kwamba yeye ndiye aliyemaliza samaki, hotuba hiyo ina upungufu.

Wala ziwa hili si geni kwa mabadiliko. Wabelgiji walipojenga ngome yao Karema mwaka 1879, ile iliyokabidhiwa kwa Mapadre Weupe mwaka 1885, maji yalikuwa karibu nayo kabisa. Mto Lukuga upande wa Kongo ulizibua njia yake, maji yakashuka, na ngome ikaachwa mbali na ufuko. Tangu miaka ya 2020 maji yamepanda tena na kufunika nyumba katika miji ya kando ya ziwa, ikiwemo Bujumbura, Uvira na Kalemie. Watu wamehama na kurudi kufuatana na maji. Kilichowasaidia kila mara ni kuwahi kujua na kuwahi kujipanga.

Basi twaomba mambo ambayo yako ndani ya uwezo wetu, tukiacha yale ya Dodoma na Bujumbura kwa wakati wake. Katika kila kijiji cha ziwani kipo, au kinapaswa kuwapo, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi. Viongozi wa walei wa Karema na Ikola waingie humo, wasikae pembeni wakilalamika. Waulize ni wangapi kati ya wajumbe ni wavuta nyavu wasio na chombo, na ni wangapi ni kina mama waanikaji. Ikiwa jibu ni hakuna, waombe uchaguzi. Wao wenyewe, ambao wanayajua maji yao, wataje ni sehemu zipi za ufuko ambamo dagaa wachanga hukulia, na sehemu hizo ziwekewe alama na zisiguswe na mtu yeyote, awe mwenye kokoro au mwenye kipe kumi.

Vikoba vilivyo chini ya jumuiya zetu vibadilishe katiba zao, ili mkopo uliotolewa kwa mtu wa ziwani usidaiwe rejesho wala riba katika miezi ambayo ziwa limefungwa. Hii haihitaji kibali cha serikali. Inahitaji kikao kimoja. Jumuiya za Mpanda mjini, ambazo dagaa huwafikia wakiwa tayari wamekauka, nazo zinahusika: vijana wanaorudi kutoka ziwani mwezi Mei wakitafuta kibarua cha shamba wapewe kazi kwa ujira ule ule wanaolipwa wengine, wasipunjwe kwa kuwa wana shida.

Na kuhusu kuanika: dagaa aliyewekwa juu ya chanja hukauka upesi, pande zote mbili, bila mchanga, na mvua ikija hufunikwa kwa turubai moja. Chanja hutengenezwa kwa miti michache na wavu uliochakaa ambao hauvui tena, na nyavu za namna hiyo zimetupwa katika kila mwalo. Kikundi cha kina mama kikitengeneza chanja zake katika miezi hiyo mitatu ambapo hakuna cha kuanika, kitakuwa tayari wakati dagaa wa Septemba watakapokuja, na tayari zaidi mvua za Novemba zitakapoanza. Atakayeanza ni vema aanze na turubai, kwa maana miti ipo, nyavu zipo, lakini turubai ni la kununua.